Darubini ya kupanda nayo basi: kwa nini nilichagua lenzi ya milimita 61

Kwa miaka mitatu nilimiliki darubini ya kioo (inayokusanya nuru kwa kioo kilichopinda badala ya lenzi) yenye kipenyo cha milimita 150, na katika miaka yote hiyo niliitoa nje ya Dar es Salaam mara mbili tu. Haikuwa darubini mbovu. Ilikaa kwenye kona ya sebule pamoja na kitako chake cha chuma, vizito vyake viwili na sanduku la vifaa, na kila nilipopanga kwenda mahali penye giza nililazimika kwanza kumtafuta mtu mwenye gari, kisha kumwomba akeshe nami, kisha kuomba mawingu yasitande usiku huohuo. Safari nyingi ziliishia kwenye hatua ya kwanza. Hatimaye niliiuza, nikaanza upya kwa swali ambalo nilipaswa kujiuliza tangu mwanzo: ni darubini gani ninayoweza kupanda nayo basi la alfajiri katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, bila kumlipa mpagazi?

Ninamwandikia mtu ambaye tayari ana kamera ya kubadilisha lenzi, anayependa anga, na ambaye hatarajii kuifanya kazi hii kuwa ajira. Anataka picha nzuri za anga mara tano au sita kwa mwaka, usiku wa mwezi mchanga, nyumbani kwa wazazi au kwa rafiki aliyeko mbali na taa za jiji.

Jibu la swali langu lilikuwa limeshajitokeza miaka mingi kabla, nami sikulitambua. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama kupatwa kwa jua kwa kipete, pale mwezi unapokuwa mbali kiasi cha kushindwa kuliziba jua lote na kuacha pete ya mwanga kuuzunguka. Nilikuwa na kamera, lenzi ndefu, kichujio cha jua na tripodi, vyote katika mkoba mmoja wa mgongoni, na picha za siku ile bado ninazithamini kuliko nyingi nilizopiga baadaye kwa kifaa kikubwa zaidi. Nilizipata kwa sababu nilifika.

Anayeanza huuliza kwanza darubini inakuza mara ngapi. Kwa picha za anga la mbali swali hilo halina msaada, kwa kuwa vitu vingi vinavyopendeza katika anga letu ni vikubwa kuliko tunavyodhani, ila ni hafifu. Kilimia kina upana wa karibu nyuzi 2, yaani mara nne ya upana wa mwezi mpevu. Wingu la gesi lililo katika kundinyota la Mkuku, ambalo wanaastronomia hulitaja kwa namba NGC 3372, lina upana kama huo, na Wingu Kubwa la Magellan hutandaa nyuzi 10 hivi. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 2.5, ni ndefu mara sita kuliko upana wa mwezi. Vitu hivi havihitaji kukuzwa sana. Vinahitaji kukusanyiwa nuru kwa muda mrefu, kwa kifaa kinachotulia.

Kipimo kinachoamua upana wa picha ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi mahali taswira inapokusanyika. Kamera yangu ina sensa (kibamba cha ndani kinachopokea nuru) yenye upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9. Ukigawa upana huo kwa urefu wa fokasi kisha ukazidisha kwa 57.3, unapata upana wa anga kwa nyuzi. Kwa milimita 250 ninapata nyuzi 5.1 kwa 3.4, kwa milimita 360, nyuzi 3.5 kwa 2.4, kwa milimita 420, nyuzi 3 kwa 2. Hesabu hii ndogo, niliyoifanya kwa kalamu nyuma ya daftari, ilinisaidia kuliko matangazo yote niliyoyasoma. Kati ya milimita 250 na 420 karibu kila kitu nilichokitamani kinaenea, isipokuwa Wingu Kubwa la Magellan, ambalo linatoshea lenzi ya kawaida ya kamera.

Kuhusu kioo cha lenzi nitakaa kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nilipopoteza fedha. Lenzi moja ya kawaida huipinda nuru ya buluu zaidi kuliko nyekundu, hivyo rangi hazikutani mahali pamoja. Tangu John Dollond wa London alipopata hataza mwaka 1758, mafundi wamekuwa wakiunganisha lenzi mbili za vioo tofauti ili kasoro hiyo ipungue, na darubini nyingi za bei nafuu hadi leo zimetengenezwa hivyo. Kwa jicho zinatosha kabisa. Kwa kamera hazitoshi, kwa sababu sensa huona zambarau kwa ukali kuliko jicho letu. Baada ya kuuza ile ya kioo nilinunua kwanza darubini fupi ya namna hii, yenye kipenyo cha milimita 80, kwa kuwa bei ilinivutia, na kila nyota angavu niliyoipiga ilitoka imezungukwa na ukungu wa zambarau ambao hakuna programu iliyouondoa bila kuharibu rangi ya kitu chenyewe. Niliitumia miezi minne nikaiacha. Unaponunua kwa ajili ya picha, tafuta darubini yenye angalau lenzi moja ya kioo cha mtawanyiko mdogo wa rangi. Kinachosifiwa zaidi ni FPL-53, kinachotengenezwa na kampuni ya Ohara ya Japani. Ndugu yake FPL-51 ni duni kidogo, ingawa akiunganishwa vizuri na lenzi nyingine mbili hutoa kazi nzuri. Idadi ya lenzi pekee isikupe uhakika, kwa kuwa lenzi mbili zilizosagwa na kupangwa kwa uangalifu zinaweza kushinda tatu zilizofanywa kwa haraka.

Baada ya kusoma na kulinganisha kwa majuma mengi nilibaki na tatu. Ya kwanza ilikuwa RedCat 51 ya William Optics, yenye kipenyo cha milimita 51 na fokasi ya milimita 250. Ya pili ilikuwa ZenithStar 61 ya kampuni hiyohiyo, milimita 61 kwa 360. Ya tatu ilikuwa Evostar 72ED ya Sky-Watcher, milimita 72 kwa 420. Mbili za kwanza zina uzito wa kilo moja na nusu hivi kila moja, na ya tatu karibu kilo mbili, kabla ya kuongeza kamera na viungio.

RedCat ilinivuta kwa sababu mpangilio wake wa lenzi nne unafuata wazo la Joseph Petzval, aliyebuni lenzi maarufu ya kupigia picha za watu mwaka 1840, na wazo hilo hunyoosha taswira tangu ndani ya darubini, hivyo mtumiaji hahitaji kupima umbali wowote kati ya darubini na kamera. Tena ina kasi. Uwiano wake wa fokasi kwa kipenyo ni 4.9, wakati wa ZenithStar ni 5.9, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo ina maana kwamba kinachokusanywa na ya kwanza kwa saa 10 kitahitaji saa 14 na nusu kwa ya pili. Kwa mtu anayesafiri usiku mmoja mmoja, saa hizo si haba. Evostar nayo ndiyo yenye kipenyo kikubwa kuliko zote tatu, na kwa anayetaka pia kutazama kwa jicho ningemshauri aichukue hiyo.

Nilichagua ya kati. Milimita 250 zingeyafanya mafungu ya nyota ninayoyapenda, hasa Omega Centauri, yawe madogo mno katika picha, na milimita 420 zingedai usahihi wa ufuatiliaji ambao kifaa changu hakiwezi kuutoa bila kamera ya pili ya kukiongoza. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu mmoja mwenye kamera moja, na mwingine mwenye mapenzi ya mawingu mapana ya gesi angefanya vyema kuchukua RedCat. Shemeji yangu anayeishi Uingereza aliniletea darubini hiyo ndani ya mkoba wake wa mkononi wa ndege, jambo ambalo lisingewezekana kamwe kwa ile ya milimita 150.

Darubini ya lenzi mbili ina jambo moja ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini. Taswira yake imepinda kama sehemu ya ndani ya bakuli, ilhali sensa ni bapa, kwa hiyo nyota za katikati zinapokuwa nukta, zile za pembeni huvutika. Dawa yake ni lenzi ya nyongeza ya kunyoosha uwanja, inayonunuliwa kando na kufungwa mbele ya kamera, na bei yake uihesabu kuwa sehemu ya bei ya darubini tangu siku ya kwanza. Lenzi hiyo hutaka kuwa mbali na sensa kwa umbali maalumu, ambao kwa nyingi ni milimita 55. Kwa kamera za Canon za DSLR, zile zenye kioo ndani, mambo ni mepesi, kwa kuwa kutoka ringi ya lenzi hadi kwenye sensa kuna milimita 44, na adapta ya kawaida huongeza milimita 11.

Sasa nifike kwenye kifaa cha kufuatilia nyota, ambacho kwa sisi tuishio karibu na ikweta kina uzito mkubwa katika uamuzi kuliko darubini yenyewe. Dunia inapozunguka, nyota huonekana kusogea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa (uzi mmoja wa pembe una dakika 60 za tao, na kila dakika ina sekunde 60 za tao). Kwa fokasi ya milimita 360 na pikseli za kamera yangu, zenye ukubwa wa mikroni 4.3, hiyo ni pikseli 6 kwa sekunde moja. Bila kifaa kinachozunguka kinyume chake, picha ya sekunde moja tayari imeharibika. Kifaa hicho lazima mhimili wake uelekee kwenye ncha ya anga, yaani pale nyota zote zinapoonekana kuzunguka, na hapa ndipo maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani yanapotuacha njiani. Yanasema itafute Nyota ya Kaskazini. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo haichomozi kwetu kamwe. Ncha ya kusini nayo iko nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya ukungu na vumbi, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno kuonekana kwa macho katika hali hiyo. Nairobi, iliyo nyuzi 1.3 kusini, ncha hiyo imekaa karibu juu ya paa la jirani.

Kuna shida ya pili isiyosemwa mara nyingi. Vitako vingi vizito vimetengenezwa kwa ajili ya nchi zilizo mbali na ikweta, na skrubu ya kuinamisha mhimili hukomea kwenye nyuzi 10 au 15. Hata pale kinapoweza kuinama zaidi, mhimili ukilala karibu sambamba na ardhi, fimbo ya kizito hugonga miguu ya tripodi, na darubini ndefu hugonga pia inapotazama juu kabisa utosini, mahali ambapo kwetu hupita vitu vizuri kama wingu kuu la gesi la kundinyota la Jabari (Orion). Ile darubini yangu ya zamani iligonga mguu wa tripodi mara mbili nikiwa katikati ya kazi. Darubini fupi huzunguka bila kugusa kitu. Ningekuwa na sababu hii peke yake, ingetosha kunifanya niache kifaa kikubwa.

Mimi ninatumia Star Adventurer ya Sky-Watcher, kifaa kidogo kinachotumia betri nne za kawaida au pawabenki, na ambacho watengenezaji wanasema kinabeba hadi kilo 5. Kwa picha usikipakie zaidi ya nusu ya kiwango hicho. Darubini, lenzi ya kunyoosha na kamera vyangu kwa pamoja viko karibu na nusu hiyo, na hilo ndilo lililoifanya Evostar ianze kunitia wasiwasi. Ili kulenga ncha nisiyoiona, naweka kwanza mwelekeo wa kusini kwa dira, nikikumbuka kwamba kusini ya sumaku si kusini halisi, kisha nainamisha mhimili kwa kipimo cha pembe kilichomo kwenye simu. Baada ya hapo naitazama nyota moja iliyo karibu na meridiani (mstari wa angani utokao kaskazini hadi kusini kupitia utosini), nakagua inateleza upande gani kwa dakika chache, nasahihisha, narudia. Mwenye kompyuta ndogo anaweza kutumia programu inayopiga picha tatu sehemu yoyote ya anga, kuzitambua nyota zake na kueleza mhimili umekosea kiasi gani. Kwa mtu wa ikweta hiyo ni neema kubwa.

Kukosea kunagharimu kiasi gani? Mhimili ukiwa nje kwa dakika 5 za tao, nyota itateleza sekunde 1.3 za tao kwa dakika moja, yaani nusu ya pikseli katika kifaa changu, na hakuna atakayeona. Ukiwa nje kwa nyuzi 1 nzima, itateleza karibu sekunde 16 za tao, ambazo ni zaidi ya pikseli 6, na nyota zote zitakuwa mistari. Ndiyo maana ninaipenda fokasi fupi: inamsamehe anayejifunza. Ninapiga picha za dakika moja moja, 60 au 100 au zaidi, kisha nazirundika ziwe picha moja kwa programu ya Siril, ambayo ni ya bure. Chembechembe za usumbufu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, kwa hiyo picha 100 hutoa usafi mara 10 ya picha moja, na 400 mara 20.

Unyevu wa pwani ni adui wa kweli. Baada ya saa nne usiku umande huanza kutanda kwenye lenzi ya mbele, na bila ukanda wa kupasha joto unaofungwa nje ya lenzi picha zote za baadaye hutoka kama zimepigwa kupitia maziwa. Ukanda huo unakula umeme kuliko kifaa kingine chochote nilichonacho, kwa hiyo pawabenki moja naitenga kwa kazi hiyo. Mbaya kuliko umande ni kuvu. Lenzi iliyofungiwa kabatini Dar es Salaam wakati wa masika inaweza kuota nyuzi za kuvu zinazokula mpako wake, na zikishaula haurudi. Yangu inakaa katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko usiopitisha hewa, pamoja na mifuko ya chembe za kufyonza unyevu ambazo nazikausha jikoni kila mwezi.

Darubini hii ndogo isitarajiwe kufanya yasiyo yake. Mshtarii katika picha ya darubini hii ina upana wa pikseli 18 hivi, na pete za Zohali hazionekani zaidi ya kiumbo cha yai. Mwezi unatoka safi, mdogo, na ninaitumia kwa furaha kuutafuta mwezi mwandamo jua linapokwisha kuzama, kwa kuwa uwanja wake mpana hurahisisha kuupata. Kwa kupatwa kwa jua kikamilifu tarehe 2 Agosti 2027, kutakakopita Luxor, Jedda na Makka, fokasi ya milimita 360 itatoa jua lenye upana wa milimita 3.3 hivi kwenye sensa na kuacha nafasi ya kutosha kwa taji lake. Anayetaka picha bila kujifunza haya yote anaweza kuchukua Seestar S50 ya ZWO, iliyotoka mwaka 2023, yenye lenzi ya milimita 50, kamera na injini ndani ya kasha moja. Nimeiona ikifanya kazi na ninaiheshimu. Mimi napenda kuunganisha vifaa kwa mikono yangu.

Usiku wa kwanza wa darubini hii nje ya jiji ulikuwa Singida, mwezi wa Julai, uani kwa mjomba wangu. Baridi ilikuwa kali na hewa kavu, na Njia Nyeupe ilipita juu ya nyumba kutoka upeo hadi upeo. Nililenga kundinyota la Mshale (Sagittarius), mahali ambapo mawingu mawili ya gesi, M8 na M20, yamekaa karibu kiasi cha kuenea katika picha moja. Mjomba alikuja na kahawa, akasimama nyuma yangu hadi picha ya kumi na moja ilipotokea kwenye skrini, akauliza kama wingu lile jekundu liko pale siku zote. Nikamwambia liko, Mjomba, ila macho yetu hayawezi kuikusanya nuru yake.

Nilipozirundika picha asubuhi niliona nyota za pembe zote nne zimevutika kuelekea katikati. Nilikuwa nimeweka kichujio cha kupunguza nuru za mjini, chenye unene wa milimita 2, na kioo cha namna hiyo husogeza fokasi nyuma kwa takriban theluthi ya unene wake. Umbali wangu wa milimita 55 ulikuwa umepungukiwa milimita 0.7. Usiku wa pili niliongeza ringi nyembamba, nikalenga Omega Centauri, na nyota zikawa nukta hadi kwenye kingo. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nimeshaomba likizo ya Desemba, na ikiwa mvua itaniachia hata usiku mmoja, ringi ileile itabaki mahali pake kwa ajili ya Kilimia.